Mbawakawa wanaokunywa ukungu: simulizi ya safari ya matuta ya Namib

Siku ya kwanza: Walvis Bay

Safari inaanzia baharini, ingawa mdudu tunayemfuata haishi ufukweni. Mkondo wa Benguela unaambaa na pwani ya Namibia ukitoka kusini, na maji yake ni ya baridi mwaka mzima. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake hupoa, mvuke hugeuka wingu zito la chini, na upepo hulisukuma kuelekea bara. Hapa Walvis Bay wingu hilo mara nyingi linapita juu ya vichwa na kuacha mchanga mkavu. Ardhi inainuka polepole kwenda mashariki, na pale inapokifikia kimo cha wingu, wingu lile lile linakuwa ukungu wa kulowesha nguo. Vipimo vilivyochukuliwa Swartbank, kiasi cha kilomita 40 kutoka baharini na mita 340 hivi juu ya usawa wa bahari, vilionyesha takriban milimita 180 za maji ya ukungu kwa mwaka. Ufukweni ni kama milimita 30 na kidogo, na Gobabeb, kituo cha utafiti kilicho karibu kilomita 60 ndani, nako ni kama 30. Mtu akimtafuta mnywa ukungu kwenye matuta ya pembeni mwa bahari kwa kudhani huko ndiko kwenye ukungu mwingi, atarudi mikono mitupu.

Mdudu mwenyewe ni Onymacris unguicularis, mbawakawa mweusi wa urefu wa sentimita 2 hivi, mwenye miguu mirefu na mgongo laini wenye mifereji myembamba inayokwenda kwa urefu. Ni wa familia ya Tenebrionidae, hiyo hiyo ya vidudu vyekundu vinavyoingia kwenye unga na nafaka ghalani. Namib ina spishi zipatazo 200 za familia hii, na wenyeji huwaita wengi wao toktokkie, kwa sababu baadhi yao hugonga tumbo chini ili kuitana. Katika hizo zote, mbili tu ndizo zinazojulikana kusimama kwenye ukungu na kuuvuna kwa mwili: unguicularis wa matuta ya kusini mwa mto Kuiseb, na Onymacris bicolor mwenye mabawa meupe, wa matuta ya kaskazini upande wa Skeleton Coast.

Leo ni siku ya vibali na mizigo. Kuingia Hifadhi ya Namib-Naukluft kunahitaji kibali cha hifadhi, nacho hupatikana ofisi za wizara ya mazingira hapa mjini au Swakopmund. Anayetaka kushika, kupima au kutia alama mdudu yeyote anahitaji pia kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Utafiti, Sayansi na Teknolojia ya Namibia, na hicho huombwa muda mrefu kabla ya safari. Nafasi ya kulala Gobabeb nayo huwekwa mapema. Asiye na kibali cha utafiti anaweza kutazama na kupiga picha, na kwa kweli sehemu kubwa ya yaliyomo humu inaonekana kwa macho tu.

Vifaa: mizani ya betri inayosoma gramu 0.001, yenye kifuniko cha kukinga upepo, vichupa vya plastiki vyenye mifuniko, vilivyopimwa vikiwa vitupu na kuandikwa uzito wake, kipimajoto chenye waya mwembamba wa kupenyeza mchangani, kipima-upepo cha mkononi, dira, tochi ya kichwa yenye taa nyekundu, brashi laini ya rangi, karatasi ya kunyonya maji, vikombe vya plastiki vya mitego, rula na penseli. Kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyolowa ukungu, penseli inaandika. Betri za akiba zikae ndani ya koti usiku, kwani baridi huzinyong'onyeza. Maji ni lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Magurudumu ya akiba ni mawili, si moja.

Siku ya pili: uwanda wa changarawe

Kutoka Walvis Bay hadi Gobabeb ni karibu kilomita 120 za barabara, nyingi zikiwa za changarawe. Baada ya lami upepo wa matairi hupunguzwa hadi psi 26 hivi ili gari lisirukeruke kwenye mawimbi ya barabara, na mwendo hauzidi kilomita 60 kwa saa. Wanaopinduka huku ni wale wanaokanyaga breki kwenye kona yenye kokoto zilizolegea. Na gari lisiache njia hata kwa mita moja. Uwanda unaoonekana mtupu umefunikwa na kuvu-mwani, vipande vya kijivu, vyeusi na vya rangi ya chungwa vilivyoshikamana na mawe, ambavyo navyo vinaishi kwa ukungu. Alama za magurudumu yaliyopita juu yake hudumu miaka kwa makumi.

Uwanda huu ndio makazi ya Stenocara gracilipes, mbawakawa mwenye miguu mirefu myembamba na mgongo wa vinundu, na hapa pana jambo la kuwekwa sawa kabla ya kufika matutani. Mwaka 2001 Andrew Parker na Chris Lawrence walichapisha maelezo ya mgongo wa mbawakawa wa Namib waliyemtaja kuwa wa jenasi ya Stenocara. Walisema vilele vya vinundu vyake huvuta maji na mabonde ya kati, yaliyopakwa nta, huyakataa, hivyo matone hukua kwenye vilele mpaka yawe mazito na kuviringika hadi mdomoni. Wazo hilo liliwavutia wahandisi, na vitambaa na bati nyingi za kunasa maji zimebuniwa kwa kuliiga. Kama mbinu ya kutengeneza uso wa kunasa maji, lina thamani yake. Tatizo liko kwa mdudu: Stenocara gracilipes anaishi kwenye changarawe na hajulikani kusimama kwenye ukungu, wakati unguicularis, ambaye kweli anafanya hivyo, hana vinundu vile.

Mwaka 2010 Thomas Nørgaard na Marie Dacke waliwaweka mbawakawa wa spishi nne ndani ya ukungu wa maabara, vichwa vikiinama kwa nyuzi 23. Wote walikusanya maji. Tofauti ilitokana na ukubwa wa mwili zaidi kuliko umbo la mgongo: mwenye mgongo mpana alipata mengi. Maana yake kwa anayekwenda matutani ni nyepesi kuieleza. Siri ya kunywa ukungu iko katika kujua saa ya kutoka, mahali pa kusimama na namna ya kuinama, na hayo hayaonekani kwa kumtazama mdudu aliyechomwa sindano kwenye sanduku la makumbusho. Inabidi kumfuata alipo.

Gobabeb inafikiwa alasiri. Kituo hiki kilianzishwa mwaka 1962 na Charles Koch, mtaalamu wa mbawakawa mzaliwa wa Austria aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini, na baada yake Mary Seely alikiongoza kwa miaka mingi kuanzia 1970. Koch alipachagua kwa sababu mazingira matatu yanakutana hapa: uwanda wa changarawe kaskazini, mto Kuiseb katikati, na bahari ya mchanga kusini. Kuiseb ni mto wa msimu. Siku nyingi ni mchanga mtupu wenye miti mikubwa ya Faidherbia kandokando, na maji ya mafuriko yake ni nadra kufika baharini. Lakini mafuriko hayo yanatosha kufagia mchanga unaoletwa na upepo, na kwa hiyo matuta hayajavuka kwenda kaskazini. Wanaoishi kando ya mto huu ni Watopnaar, wanaojiita ≠Aonin, wanaofuga mbuzi na kuvuna !nara, tikiti la miiba linalostawi kwenye mchanga. Vichaka vya !nara vina wenyewe. Usikate tunda, na usifukue chini ya kichaka kutafuta wadudu bila kuomba ruhusa.

Siku ya tatu: kulisoma tuta

Gari linabaki ng'ambo. Mto unavukwa kwa miguu kabla jua halijachomoza, na upande wa pili mchanga mwekundu unaanza mara moja. Karibu na bahari mchanga wa Namib ni wa rangi ya majani makavu. Kadiri unavyoingia ndani unazidi kuwa mwekundu kwa kutu ya chuma iliyozifunika chembe. Matuta ya eneo hili ni marefu, yamelala kaskazini hadi kusini, mengi yakiwa na kimo cha mita 50 hadi 100, na kati ya tuta na tuta pana bonde la upana wa kilomita moja au mbili.

Kila tuta lina sehemu tatu ambazo mbawakawa wanazijua vizuri. Upande wa joshini, unaopokea upepo, ni mteremko mrefu wa mchanga ulioshikamana, ambako nyasi ngumu ya Stipagrostis sabulicola inasimama kwa mafungu. Juu kabisa pana ukingo mkali. Upande wa demani, uliokingwa na upepo, ni uso wa maporomoko, mwinamo wa nyuzi 32 hadi 34, wenye mchanga uliolegea kiasi kwamba ukiugusa unashuka. Miguuni pa uso huo ndiko makapi yanakokusanyika: vipande vya nyasi, mbegu, vumbi la majani, mabaki ya wadudu, vyote vilivyoletwa na upepo. Hiyo ndiyo jiko la tuta. Karibu kila kiumbe kisichokula nyama hapa kinakula makapi, na kwa kuwa yanaletwa na upepo, chakula kinaweza kuwepo hata kwenye tuta lisilo na unyasi mmoja.

Ukingo wa juu ndio wa kuulinda kuliko sehemu nyingine. Unapopanda, pita upande wa joshini na usimame hatua chache chini ya ukingo. Kila nyayo juu yake huubomoa, na ukingo uliobomoka haupitishi upepo sawasawa hadi utakapojengeka upya. Watu wakitembea juu ya ukingo jioni, hakuna haja ya kuja kutafuta kitu hapo alfajiri.

Saa mbili asubuhi mchanga unapopata joto mbawakawa wa mchana wanaanza kuchomoza. Wa kwanza kuonekana mara nyingi ni Onymacris plana, mpana na bapa, ambaye anakimbia karibu mita moja kwa sekunde. Watafiti waliopima joto la mwili wake miaka ya 1980 walikuta jambo lisilotarajiwa: akikimbia juani mwili wake unaweza kupoa badala ya kuzidi joto, kwani upepo anaojitengenezea kwa mwendo unaondoa joto zaidi ya lile misuli yake inalolizalisha. Unguicularis naye hutembea mchana, akila makapi, lakini kwa haraka ndogo zaidi. Ukimkaribia anakimbilia uso wa maporomoko, anapiga mbizi, na mchanga unaoporomoka unamfunika papo hapo. Kumfukua kwa mkono kunaporomosha mchanga mwingi juu yake kuliko unaouondoa. Kama ni lazima, anza kuchota chini ya pale alipozama, si juu yake.

Kipimajoto kinaeleza kwa nini anajizika. Waya ukiwekwa juu ya mchanga adhuhuri ya kiangazi unaweza kusoma nyuzi 60 hadi 70. Ukiuzamisha sentimita 20 au 30, joto ni la kuvumilika na linabadilika kidogo tu kati ya mchana na usiku. Weka nyaya tatu: moja juu, ikiwa imefunikwa na chembe za mchanga tu ili jua lisiipige moja kwa moja, moja kwa sentimita 10 na moja kwa sentimita 30. Kosa la kawaida ni kuacha waya wa juu ukielea hewani kidogo; hapo unapima upepo, na usomaji unashuka kwa nyuzi nyingi.

Mwili wenyewe una kinga nyingine. Mabawa magumu ya juu yameungana, hawezi kuruka kabisa, na chini yake pana chumba cha hewa. Matundu ya kupumulia ya tumbo yanafungukia ndani ya chumba hicho, hivyo unyevu wa pumzi haupotei ovyo kwenye upepo mkavu. Ganda limepakwa nta. Kwa hayo, mdudu anapunguza sana matumizi ya maji, ila hayaondoi. Bado anahitaji kunywa, na Gobabeb hupata mvua ya wastani wa milimita 25 hivi kwa mwaka, na mwaka mwingine haipati kitu.

Jioni mitego ya vikombe inawekwa. Kikombe cha kipenyo cha sentimita 10 na kina cha 15 huzikwa mpaka mdomo wake ulingane sawasawa na mchanga. Ukiinuka hata milimita chache, mbawakawa anauzunguka. Ukishuka sana, mchanga unakijaza kabla ya usiku wa manane. Hakitiwi maji wala dawa, kwa kuwa wanyama watarudishwa. Tia makapi kidogo chini wapate pa kujificha, na usiweke mitego kwenye uso wa maporomoko wenyewe, kwani usiku mmoja unatosha kuizika. Miguuni pake na kwenye mteremko wa joshini inadumu. Ikaguliwe kabla ya saa mbili asubuhi. Mtego uliosahaulika hadi saa nne ni tanuri, na aliyemo ndani amekufa. Panya wa jangwani nao hujifunza haraka mahali vikombe vilipo na kuja kula kilichomo, kwa hiyo ukikuta maganda matupu ya mabawa mfululizo, hamisha mstari wote.

Siku ya nne: upepo wa mashariki

Ukungu haukuja. Usiku ulikuwa wa nyota tupu, na alfajiri upepo mkavu wa mashariki ulishuka kutoka nyanda za juu, ukapandisha joto mapema na kujaza mchanga machoni. Upepo huu huvuma zaidi majira ya baridi, na hausomwi kama hasara na wanaoyajua matuta. Ndio unaobeba makapi mengi kutoka uwanda na mtoni na kuyamwaga miguuni pa matuta. Hakuna kazi ya ukungu, basi.

Usiku wa leo unatumika kwa wengine. Kwa taa nyekundu, kwenye mchanga uliolegea, wanaonekana Lepidochora, mbawakawa bapa wa mviringo wanaotoka gizani. Hawa nao wanapata maji ya ukungu, ila kwa njia ya peke yao. Usiku wa ukungu wanachimba mfereji mwembamba juu ya mchanga, wakiukata upepo kwa pembe mraba, na kuacha kingo mbili zilizoinuka kidogo. Kingo zinanasa matone zaidi ya mchanga wa kando uliolala bapa, kisha mbawakawa anarudi akiipita kingo na kunyonya unyevu kutoka kwenye chembe. William Hamilton na Mary Seely waliieleza mbinu hii mwaka 1976, mwaka ule ule walioeleza kusimama kwa unguicularis.

Kuutofautisha mfereji wa ukungu na njia ya kawaida kunahitaji dira. Njia ya kutembea inapinda na kuvuka yenyewe. Mfereji wa ukungu umenyooka na unakingama na upepo wa usiku huo. Pima mwelekeo wa upepo kwanza, kisha wa mfereji, na uandike vyote viwili. Usipige picha kwa mwanga wa kutoka juu, kwa sababu kingo zenyewe ni za milimita chache na zitapotea. Weka tochi chini kabisa pembeni ili kivuli kizionyeshe.

Siku ya tano: ukungu

Dalili zilianza jioni. Upepo wa kusini-magharibi uliokuwa ukivuma alasiri ulitulia, unyevu wa hewa ukapanda, na baada ya usiku wa manane hewa ikaanza kusogea polepole kutoka kaskazini-magharibi. Huo ndio upepo wa ukungu hapa, na Septemba hadi Januari ndiyo miezi ya kuutarajia zaidi. Nyota zinapoanza kufifia upande huo, ondoka kambini. Ukisubiri ukungu ufike mlangoni umechelewa, maana kupanda tuta kwa giza bila kubomoa ukingo ni kazi ya saa nzima.

Pa kukaa ni miguuni pa uso wa maporomoko au pembeni mwake, mita kumi hivi kutoka ukingoni, upande ambao harufu na mtikisiko havipelekwi na upepo kwa mdudu. Taa ni nyekundu na inawashwa kwa muda mfupi mfupi. Kitu cha kutazama kwanza ni uso wenyewe wa mchanga: unapasuka kidogo, chembe zinaviringika, kisha kichwa cheusi kinatokea. Inafaa kutulia na kulifikiria hili. Huyu ni mdudu wa mchana. Saa hizi anapaswa kuwa amezikwa, mchanga ni wa baridi, na mwili wake ukiwa wa baridi miguu inakwenda kwa uzito. Akishtuliwa hawezi kukimbia kama anavyokimbia mchana. Anatoka hata hivyo, na hatoki usiku mwingine usio na ukungu.

Anapanda uso wa maporomoko pole pole, mchanga ukimrudisha nyuma, mpaka ukingoni. Pale anageuka akauelekea upepo, ananyoosha miguu ya nyuma, anainamisha kichwa, na kutulia. Mgongo sasa ni mteremko unaotazama ukungu. Matone madogo yanatua juu yake, yanaungana, yanashuka kwa uzito wao kupitia kifua hadi kinywani, na sehemu za mdomo zinaonekana zikichezacheza. Anaweza kukaa hivyo kwa muda mrefu bila kusogea.

Kwa nini ukingoni? Kipima-upepo kinajibu. Kiweke bondeni sentimita 2 kutoka ardhini, kisha ukingoni kwa kimo hicho hicho. Karibu na ardhi hewa husuguana na mchanga na kupoteza mwendo, na mdudu mwenye kimo cha sentimita chache anaishi ndani ya tabaka hilo la uvivu. Kwenye ukingo upepo umebanwa na mteremko mzima wa joshini, unapita kwa kasi zaidi, na tabaka la uvivu ni jembamba. Kila dakika matone mengi zaidi yanapita na kugonga mgongo. Mahali pa kusimama pamefanya kazi ambayo watu wengi wamekuwa wakiitafuta kwenye vinundu.

Upimaji wa maji aliyokunywa ndio wenye mitego mingi. Njia ya kwanza ni kumkamata anapochomoza, kumpima, kumtia alama ya rangi, kumrudisha pale pale na kumpima tena anaposhuka. Ni njia safi kwenye karatasi, lakini wengi walioshikwa hujizika na hawapandi tena asubuhi hiyo, na wanaopanda ni wachache wa kutosha kukupotosha. Njia ya pili ni kuwapima wanaopanda kama kundi moja na wanaoshuka kama kundi jingine, kila mmoja mara moja tu, kisha kulinganisha kwa kutumia urefu wa mwili ili wakubwa wasilinganishwe na wadogo. Ya pili inahitaji wadudu wengi, ila haiwasumbui. Alama ya rangi, ikitumika, iwe nukta ndogo pembeni mwa bawa, kwa kuwa rangi katikati ya mgongo inabadilisha namna maji yanavyoshuka.

Kabla ya mizani, tone la nje linakaushwa kwa karatasi ya kunyonya na chembe za mchanga zinaondolewa kwa brashi. Tunatafuta maji yaliyomezwa, na tone moja lililobaki mgongoni linaweza kuwa zaidi ya nusu ya tofauti unayoitafuta. Chukua mdudu wa gramu 0.700. Hamilton na Seely walipata ongezeko la wastani wa asilimia 12 ya uzito wa mwili, yaani gramu 0.084 kwa mdudu huyo, na la juu kabisa asilimia 34, yaani gramu 0.238. Tone la kawaida la maji lina gramu 0.05 hivi. Mizani ikae ndani ya sanduku la plastiki lililolazwa ubavu, mgongo wake kwa upepo, juu ya ubao uliosawazishwa. Ukungu unatua pia kwenye sahani ya mizani. Ipanguse na kuirudisha sifuri kabla ya kila mdudu, la sivyo kila anayefuata ataonekana amekunywa zaidi ya aliyetangulia.

Ukungu wenyewe upimwe upande wa pili wa bonde, mbali na ukingo. Kifaa cha kawaida ni fremu ya mita 1 kwa mita 1 yenye neti ya plastiki ya tabaka mbili, ukingo wake wa chini ukiwa mita 2 kutoka ardhini, na mfereji unaopeleka maji kwenye chombo. Ikiwa neti haielekei upepo wa ukungu, namba inayotoka haina maana. Miaka ya 1990 neti za namna hii zilijaribiwa na vijiji vya Watopnaar kando ya Kuiseb kwa ajili ya maji ya kunywa.

Wengine nao wanakunywa asubuhi hii. Mjusi wa matuta Meroles anchietae analamba matone, na nyoka Bitis peringueyi analamba maji yaliyotua kwenye magamba yake mwenyewe. Angalia unapoweka goti. Kwenye Stipagrostis matone yanatiririka majanini hadi mizizi, ambayo imetandaa sentimita chache tu chini ya mchanga kuyangoja.

Jua linapopenya, mambo yanakwisha haraka. Ukungu unainuka, mgongo unakauka, mbawakawa anajinyanyua na kushuka kwenye uso wa maporomoko. Wengine wanajizika hadi mchanga upate joto, wengine wanaingia moja kwa moja kwenye makapi kula. Kuanzia hapo kinyonga wa Namaqua, anayetembea ardhini na kula mbawakawa kwa wingi, yuko kazini, na mtu hashiki tena chochote.

Siku ya sita: kufunga

Mitego yote inafukuliwa na mashimo kufukiwa. Kikombe kimoja kilichosahaulika kitaendelea kuua kwa miezi. Kila mdudu anarudishwa kwenye tuta alilotolewa, upande alikotolewa. Daftari linakaguliwa kabla ya kuondoka, si baada ya kufika mjini. Kila mstari uwe na: tarehe na saa, tuta na mahali juu yake, mwelekeo na kasi ya upepo kwa sentimita 2, joto la mchanga kwa vina vitatu, ukungu upo au haupo, jinsia na urefu wa mdudu, uzito, na kama alikuwa akipanda au akishuka. Usiku usio na ukungu nao uandikwe kwa ukamilifu huo huo. Bila usiku wa namna hiyo huwezi kuonyesha kwamba ukungu ndio unaomtoa.

Rekodi za mitego ya Gobabeb, zilizoanza miaka ya 1970, zinaonyesha kwa nini subira hiyo ina faida. Mwaka 1976 mvua ilipita milimita 100, nyasi zikaota bondeni, na idadi ya mbawakawa wengi wa mchanga ikapanda sana, kisha katika miaka mikavu iliyofuata ikashuka. Wanaojua kunywa ukungu hawategemei mvua kiasi hicho, kwa sababu maji yao yanakuja usiku mwingi kila mwaka, kiasi cha siku 60 za ukungu hapa Gobabeb. Maana yake pia ni kwamba kuchungwa kwao ni kazi nyingine. Mvua ikikosekana wanaweza kuhimili. Ukungu ukipungua au ukingo wa tuta ukikanyagwa, hawana pa kuhamia.

Kwa hiyo njia ya kurudi ni ile ile ya kuingia, kwa nyayo zile zile, chini ya ukingo, mpaka Kuiseb. Bahari ya Mchanga ya Namib imekuwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2013, na magari hayaruhusiwi kwenye matuta haya bila kibali maalumu. Ng'ambo ya mto, jaza matairi upepo kabla ya kufika lami, futa mchanga kwenye mizani kwa brashi kavu, na utoe betri zote.